Kiberiti na Ruta Iliyobebeshwa Mzigo wa Kompyuta

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Kiberiti, alizaliwa tarehe 9 Juni 1968 katika chumba kilicho nyuma ya ghala la mbao, mtoto wa pili wa seremala. Bisibisi ya kwanza alipewa na mjomba wake, mwandishi wa wasifu huu. Akili pia alizitoa ujombani. Wenye wivu wavumilie.

Alisoma hadi kidato cha pili, akaacha baada ya kuifungua redio ya mwalimu mkuu na kushindwa kuifunga.

Mwaka 1989 alianza ufundi redio, baadaye akaajiriwa kufunga intaneti majumbani. Huko aliokota ruta kuukuu, vile visanduku vya kusambaza intaneti, zenye kumbukumbu finyu, akazitia programu endeshi ya Linux, nzima kama ya kompyuta ya mezani.

"Mpwa, unamtia ng'ombe kwenye kiberiti!" mjomba alimcheka.

"Ataingia, mjomba. Ila atalala amekunja miguu."

Jina likamganda. Kumbukumbu ilipojaa, mzigo uliozidi aliupeleka kwenye flashi iliyochomekwa ubavuni mwa ruta. Ilikwenda kwa kujikokota, lakini ilikwenda.

Tarehe 17 Agosti 1996 alimwoa mshona nguo, wakajaliwa binti mmoja. Siku moja mama huyo aliichomoa flashi ili atie nyimbo. Ruta ikazima.

"Mke wangu, umeing'oa roho!"

"Roho gani inaning'inia nje? Si uirudishe ndani!"

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Njia ya hospitali ilituchosha sote, yeye zaidi. Binti yake, muuguzi nchi ya mbali, alinyimwa ruhusa ya kuja. Wiki ya mwisho, marehemu aliomba aletewe ruta yake kitandani. Akaifunga modemu ya simu, kamera ndogo na betri ya pikipiki.

"Nunua mpya, upumzike," mjomba alimsihi.

"Mpya haijui kazi hii. Hii nimeifundisha. Binti akishindwa kuja, atanizika kupitia hapa."

Alifariki tarehe 3 Machi 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, binti, dada mmoja na mjomba aliyetarajia kutangulia. Ruta ile ipo mezani kando ya jeneza, taa ya kijani inawaka; binti anatuona. Tafadhali, asiiguse mtu flashi ile, wala wewe mkwe, hadi koleo la mwisho la udongo.

Lala, Kiberiti, unyooshe miguu. Umechoka, nasi tumechoka. Ruta peke yake ndiyo haijapewa ruhusa ya kupumzika.