Mzee Kioo Akabidhi Darubini

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya kulinda wanyamapori, mtunza ghala letu la silaha, Mzee Kioo, alistaafu rasmi. Jina hilo alipewa kwa ajili ya darubini za bunduki. Hakuna aliyezijua kama yeye, wala aliyemchosha mkuu wa kituo kama yeye kila zilipoletwa za bei poa.

Alikuwa na utaratibu wake. Darubini mpya haikufungwa kwenye bunduki mpaka aiweke juu ya kigoda alfajiri, aielekeze kwenye nguzo nyeupe mwisho wa uwanja wa shabaha, mita mia tatu, aitazame mpaka chai yake ipoe. Za bei poa zilikuwa na ukungu ndani, na risasi kumi tu zilitosha kuihamisha alama ya kulengea. Za bei ghali zilionyesha vizuri hata kabla jua halijachomoza. Tulimtania kwamba anazichumbia.

Mwaka mmoja kamati ya ununuzi ilileta kumi na mbili za bei poa, Mzee akagoma kusaini. Mkuu alikuja juu. Mzee hakubishana, alimketisha uwanjani alfajiri, akampa kwanza moja ya zile mpya. Mkuu akaona nguzo na ukungu. Akampa ile nzuri ya ghalani. Mkuu akaona nguzo, na kando yake mwanamke aliyewapa mgongo. Kwa macho matupu hapakuwa na mtu. Askari aliyetumwa kuangalia alipunga mkono kwamba hakuna kitu. Ndani ya kioo alikuwa amesimama naye bega kwa bega.

"Ni dada yangu," Mzee akasema. "Nilimpiga risasi mimi, kwa darubini kama hiyo ya kwanza."

Ndipo tulipojua. Ilikuwa mwaka wake wa pili kazini, na fisi walikuwa wamesumbua sana. Dada yake alikuwa akimletea koti alilosahau nyumbani, akainama pale kwenye nguzo kujichomoa mwiba, na katika ule ukungu akaonekana mnyama. Uchunguzi ulimwondolea lawama. Yeye mwenyewe hakujiondolea. Darubini zote kumi na mbili zilirudishwa siku hiyohiyo, na tangu hapo kituo hiki hakijampiga mtu kimakosa. Hayo ndiyo mafanikio yake makubwa, ingawa hayana cheti.

Mara mbili aliomba aongezewe mkataba. Kwenye barua aliandika sababu za kikazi. Sisi alituambia anaogopa kumwacha dada yake peke yake. Siku ya mwisho alinikabidhi funguo, akaitazama nguzo kwa ile darubini nzuri, akaaga kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetoka sebuleni. Nakiri nililia.

Tangu siku hiyo natazama kila alfajiri. Nguzo iko peke yake, kwa darubini nzuri na kwa mbovu.

Mzee wetu, asante kwa maisha ya watu uliyoyaokoa. Tunakuombea afya tele, usingizi mzuri, na wajukuu wasiokusumbua sana. Na alfajiri ukisikia hodi, fungua bila hofu. Huku kwetu hayupo tena.