Kopo Likiwa Msumarini

Kilomita alifungua mlango wa bati wa choo cha uani, akamkuta mama mkwe wake ndani. Badala ya kuufunga, ulimi ukamtangulia: "Shikamoo, mama." Kisha akasimama palepale, mkono mlangoni, akingoja kuitikiwa kama mtu aliyelelewa vizuri. "Marahaba," sauti ikajibu. "Funga mlango." Alirudi kijiweni uso umemwiva, akaketi kwenye benchi linalotazamana na stesheni, akajaribu kujificha nyuma ya kikombe cha kahawa, nacho kikombe chenyewe ni kidogo kama yai. Mtu mzima na kitambi chake! Nchi tisa amezikata kwa lori, na aibu imekuja kumkuta hatua kumi kutoka kijiweni.

— Hukuona kopo halipo? akauliza Spana, fundi baiskeli, akionyesha msumari ulio ukutani. Kopo jekundu likining'inia hapo, choo kitupu. Lisipokuwepo, kuna mtu. Komeo lilikufa mwaka juzi, sheria ni hiyo, hata paka wa hapa anaijua.

— Nilikuwa na chupa yangu ya maji. Kopo la nini?

— Basi umekwisha, akasema Redio, kinyozi asiyejua kunyamaza. Na saa tisa unapanda naye treni.

Hapo ndipo penye donda. Binti yake Kilomita amejifungua, mjukuu wa kwanza huyo, wiki ya sita sasa, na babu bado hajamtia machoni. Safari ameiahirisha mara mbili: kwanza jino, halafu mgongo. Ukweli ni reli. Reli yenyewe moja, treni za kwenda na za kurudi zote humohumo. Lori utalikwepesha, treni utaikwepeshea wapi? Leo mama mkwe, mstaafu wa reli, amekuja mwenyewe kumchukua. Na kumwambia mama yule kwamba unaogopa treni, afadhali urudi ukaufungue tena ule mlango.

— Mafahali wawili hawakai zizi moja, Kilomita akanong'ona, macho kwenye reli.

— Tulia, kaka, akasema Spana. Dereva wa treni ana masikio. Anashuka, anaitegea reli sikio, anamsikia mwenzake akiwa kilomita hamsini. Ndiyo maana wahenga wakasema, mpanda ngazi hushuka.

— Ngazi imeingiaje hapo?

— Kwani treni haina ngazi?

— Usimsikilize muongo huyo, akadakia Redio. Wanaajiri mapacha. Mmoja anaendesha ya kwenda, mwenzake ya kurudi. Huyu akikaribia, yule anawashwa kisogo. Anapiga breki.

— Na akiwa na mba?

— Unadhani treni huchelewa kwa nini?

Benchi zima likaangua kicheko. Hata mama wa kahawa akaweka birika chini.

— Mimi niliambiwa zikikutana, dereva mmoja anakunja reli yake kama mkeka, anampisha mwenzake, akasema mama wa kahawa.

— Nani anakunja reli?

Kicheko kikakatika. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yao, kopo mkononi. Hakuna aliyejua amesikia kuanzia wapi.

— Miaka thelathini na moja nimekaa kwenye kibanda cha ishara, akasema, mkeka sikuuona. Reli imegawanywa vipande. Kipande kimoja, treni moja. Treni ikitaka kutoka, nampigia kengele mwenzangu wa stesheni ya mbele: kipande kitupu? Akikubali, mashine inatoa kijiti cha chuma, kimoja tu, nampa dereva. Kikiwa nje, mashine yangu na ya mwenzangu zote zimejifunga. Hata tungetaka kufanya ujinga, tusingeweza. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na taa: magurudumu yanahesabiwa yakiingia, yanahesabiwa yakitoka. Behewa moja likibaki nyuma, taa haitoki kwenye nyekundu.

Akalitundika kopo msumarini. Kilomita akalitazama likibembea.

— Kumbe ni kopo tu, akasema.

— Ni kopo.

— Hata kama dereva ana macho yake mazuri, na mbele anaona kweupe?

— Hata kama ana chupa yake.

Spana akapaliwa na kahawa.

Honi ikalia stesheni. Kilomita akainuka. Alikuwa amebakiwa na swali moja, wala halikuwa la woga.

— Mama, na yule dereva anayeingia bila kijiti kwenye kipande chenye mtu, mlikuwa mnamfanyaje?

Mama mkwe akamtazama kuanzia viatu hadi kipara.

— Haendeshi tena. Anakuwa abiria. Beba begi.