Mto kwenye Keria

Gari lilipotoka Katandala, bibi mmoja alimgeukia Rhoda aliyekaa pembeni yake. "Mbona umeshika tumbo, mwanangu?"

"Nimetoka hospitali kupima ultrasaundi, bibi. Mapigo ya moyo ya mtoto hayajaonekana. Wanasema huenda mimba bado changa, huenda imeharibika. Nirudi wiki ijayo."

"Mashine hizo! Wa kwangu alijificha mpaka alipoanza kucheza. Sasa analima ulezi na kunijibu ovyo."

Rhoda alitabasamu kidogo tu. "Mume wangu nimwambieje?"

"Usimwambie. Mimba changa haitangazwi."

"Yeye ameshatangaza, bibi, mpaka kwa wachunga ng'ombe."

Gari likasimama, Rhoda akashuka. Shija, mumewe, alikuwa akisubiri na baiskeli. Kwenye keria alikuwa amefunga mto wao wa kulalia, ili mashimo yasimrushe mama mtoto.