Sindano, Mashine na Supu ya Mwani: Nesi Heo Geum-ok Anatuaga

Adhuhuri ya tarehe thelathini Juni, Nesi Heo Geum-ok atafunga mlango wa zahanati ya shule yetu ya upili hapa Yanji, mji wa Wakorea wa China, na safari hii ufunguo atamkabidhi mtu mwingine. Ameufungua mlango huo kwa miaka thelathini na mmoja. Kwa kawaida maneno ya kumuaga mstaafu huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Yeye alikataa. Aliwaambia walimu, "Aandike Do Hyang-ran wa darasa la mwisho. Yule haongei, kwa hiyo lazima anayo mengi." Basi ndiye mimi.

Alikuja hapa kijana, akitokea hospitali ya tiba ya jadi, na kisanduku cha sindano nyembamba kama unywele, zile za kuchomwa mwilini bila dawa ndani. Wanaokumbuka wanasema wagonjwa wake wa kwanza walikuwa vifundo vya miguu vya timu ya shule. Mji huu unapenda mpira kuliko usingizi. Kipa mmoja aliingia zahanati siku ya nusu fainali akiruka kwa mguu mmoja, akachomwa sindano zake, akatoka anatembea, kisha akafungwa mabao manne. Mpaka leo Nesi Heo husema mguu ndio uliokuwa kazi yake, mikono haikumhusu.

Lakini wagonjwa wake wengi hawakuwa wachezaji. Walikuwa wasichana wanaolaza paji la uso juu ya dawati kila mwezi na kuomba ruhusa kwa neno moja tu, "tumbo". Mimi nilikuwa mmoja wao. Shuleni kwetu tunasomeshwa kwa Kikorea na kwa Kichina, na katika lugha zote mbili nilikuwa fundi wa kulinyamazia neno hedhi. Kwa Kikorea nilisema "ile siku". Kwa Kichina nilisema "nimepata mgeni". Mgeni wangu alikuwa na mateke.

Mara ya kwanza nilipofika zahanati nilisimama mlangoni nikiangalia viatu vyangu. Nesi hakuniuliza kitu. Alinipa kikombe cha maji ya moto yenye tangawizi na sukari guru, akaniwekea chupa ya maji ya moto tumboni, akaendelea kukunja mashuka. Nilipotaka kuondoka ndipo aliposema, "Binti, tumbo halioni aibu. Wewe ndiye unayeiona kwa niaba yake."

Sifa yake kubwa, na hili walimu wote watakubali, ilionekana miaka miwili iliyopita. Mwalimu Luan, naibu mkuu wetu, mtu mwema anayependa mambo yaende kimyakimya, alileta kisanduku cha mashine ndogondogo za umeme. Kila moja inatosha kiganjani, na ina nyaya mbili zenye vibandiko. Unabandika chini ya kitovu, unabonyeza, na umeme mdogo unaanza kuitekenya ngozi ili maumivu yapotee njia.

"Dada Heo," alisema, "hiki msichana anakivaa chini ya suruali ya sare na kurudi darasani. Hakuna kitanda, hakuna sindano, hakuna mzazi wa kunipigia simu."

"Kinafanya kazi?"

"Maelezo yake yanasema hivyo."

"Hata maelezo ya sindano zangu yanasema hivyo, tena tangu enzi za wafalme. Tujaribu vyote viwili, Mwalimu. Kikishinda chako, changu nitakifungia kabatini mwenyewe."

Tuliokubali, na wazazi wetu wakakubali, tulitumbukiza mkono kwenye mfuko wa maharage. Aliyeokota jekundu alianza na sindano. Aliyeokota soya alianza na mashine, kisha baada ya miezi kadhaa tukabadilishana. Kila tulipoumwa tuliweka alama kwenye mstari. Kushoto kabisa paliandikwa "siumwi". Kulia kabisa paliandikwa "nife leo", maneno ya msichana mmoja wa darasa letu ambayo Nesi alikataa kuyafuta kwa sababu, alisema, hakuna daktari ambaye angeyaandika vizuri zaidi.

Niliokota soya, na mashine niliipenda siku hiyo hiyo. Ilikuwa kama siafu wenye adabu wanapita tumboni. Juu ya hayo, hakuna aliyejua ninayo. Kwa mtu kama mimi, hilo la pili lilikuwa nusu ya dawa.

Zamu ya sindano ilipofika nililia kabla pakiti haijafunguliwa. Nesi Heo hakunibembeleza. Alipandisha suruali yake, akajipangusa spiriti, akajichoma mwenyewe upande wa ndani wa mguu, vidole vinne juu ya kifundo.

"Umeona? Nimekufa?"

"Bado," nilisema.

Alicheka mpaka sindano ikawa inatikisika. Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kumchekesha mtu mzima kabla ya hapo.

Kila mtu alijua anataka sindano zishinde. Ndiyo ilikuwa kazi ya maisha yake. Siku ya kuwaeleza walimu matokeo alisimama na kusema, "Sare. Nimetoka sare, na uwanja ulikuwa wangu." Alama zetu zilikuwa zimesogea kushoto kwa vyote viwili, karibu sawasawa. Mashine ilituliza haraka, ila wengi wetu tuliumwa tena muda mfupi baada ya kuivua. Sindano zilichelewa kuanza, ila kwa wengi utulivu wake ulilala nao mpaka kesho yake. Mwalimu Luan alitaka kuipeleka habari gazetini. Nesi akamzuia. "Ni wasichana wachache wa shule moja, Mwalimu, na kila mmoja alijua amepewa nini. Tusijitape." Tangu hapo zahanati ina kitanda cha sindano na droo ya mashine, na msichana huulizwa anataka kipi.

Mimi nilijibu mashine, kila mara. Na hapa ndipo mambo yangu yalipoharibika.

Mtihani wa kuingia chuo kikuu huanza tarehe saba Juni. Tangu Januari nilikuwa nimepiga hesabu, na tumbo langu halikosei: siku ya kwanza, ile mbaya, ingeangukia siku ya mtihani wa kwanza. Miaka kumi na miwili ya masomo, na bibi yangu aliyenilea akiuza kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha, sokoni, vyote vilikuwa vinaelekea asubuhi moja ambayo ningekuwa nimelaza kichwa juu ya dawati. Nilijituliza kwa kusema, nitavaa mashine.

Aprili tulifanya mtihani wa majaribio kwa taratibu zote za mtihani wenyewe. Nilivaa mashine. Mlangoni msimamizi alinipitishia kile kirungu cha kukagulia vyuma, na kilipofika tumboni kikalia. Foleni nzima ikageuka.

"Una nini hapo?" msimamizi aliuliza.

Nilitafuta neno kwa lugha zote mbili, nikaishia kuangalia viatu vyangu.

"Kameza redio huyu," mvulana mmoja alisema nyuma yangu, na wengine wakaangua kicheko.

Sijui nani alikwenda kumwita Nesi Heo. Alifika akipangusa mikono kwenye koti lake jeupe, akasimama kati yangu na foleni. "Yuko katika hedhi," alisema kwa Kichina, kwa sauti ileile anayotajia joto la mgonjwa. "Hicho ni chombo cha kupunguza maumivu." Kisha akarudia kwa Kikorea, asibaki mtu wa kusema hakusikia. Akamtazama yule mvulana. "Na wewe mwenye redio, nilikufunga goti mwezi uliopita. Ulilia mpaka ukamtaja mama yako. Nilicheka mimi?"

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini jioni nikiwa kitandani niligundua kwamba neno lilikuwa limesemwa mara mbili mbele ya watu, na paa la shule lilikuwa bado liko juu.

Mwalimu Luan alikuja zahanati amenyong'onyea. Siku ya mtihani wenyewe, alieleza, hakuna chombo cha umeme kinachoingia, hata aje nani kukitetea.

"Basi ni sindano," alisema Nesi.

"Basi ni sindano," nikasema.

Kuanzia hapo alinichoma kila mwezi siku chache kabla ya hedhi, na tena siku yenyewe. Sindano sizipendi hata leo. Lakini mwezi Mei alama yangu ilijivuta kushoto kidogo.

Asubuhi ya tarehe saba milango ya shule ilikuwa imefungwa na vyumba vimetiwa lakiri, zahanati ikiwemo. Nesi Heo aliazima chumba cha nyuma cha mgahawa wa tambi baridi ulio mkabala na lango. Nililala kwenye benchi, sindano miguuni, nikisikia huko nje kina mama wakibandika mikate ya wali wa kunata kwenye nguzo za lango, ili watoto wao wanate chuoni. Bibi akaingia na chupa ya chai, akamimina bakuli. Mvuke ukapanda. Ilikuwa supu ya mwani.

Mwenye mgahawa alisimama na sahani zake mkononi. "Bibi wee, umemletea mtoto mwani? Leo?"

Kwetu supu hiyo hupewa wanawake wanaoumwa tumbo, lakini hakuna anayeonja mwani siku ya mtihani. Mwani huteleza, na anayeunywa huteleza nao, akafeli. Bibi alijua hilo kabla mimi sijazaliwa. Alikaa chini. "Nilifikiria tumbo lake," alisema. "Usiku kucha nimefikiria tumbo tu. Mtihani nikausahau."

Siku nyingine ningemcheka. Siku hiyo nililiangalia lile bakuli, na machozi yakaanza kunitoka.

Nesi Heo alilichukua, akalinywa lote amesimama, akamimina tena kutoka kwenye chupa, akanywa mpaka tone la mwisho. Akafuta mdomo.

"Supu nzuri, dada," alimwambia Bibi. "Ateleze anayestaafu. Mimi sina mtihani."

Bibi alinyanyuka, akaenda langoni na mkate wake wa wali, akaugandamiza nguzoni kwa viganja vyote viwili. Wanasema walinzi walihangaika sana kuubandua.

Maumivu yalikuja nikiwa katikati ya insha. Siwezi kuwadanganya kwamba hayakuja. Lakini yalikuja kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Nilimsikia, sikulazimika kumfungulia. Niliinama, nikakandamiza pale vidole vinne juu ya kifundo kama alivyonifundisha, nikaendelea. Insha niliimaliza. Matokeo hayajatoka ninapoandika haya, na kwa mara ya kwanza naweza kuyangoja nikiwa nimelala usingizi.

Mwalimu Luan alisoma rasimu hii na kupendekeza niandike "matatizo ya tumbo". Nilikaa na kalamu muda mrefu. Kisha nikaliacha neno lenyewe, hedhi, libaki, kwa lugha zote mbili zitakazochapishwa, na jina langu juu yake. Naye, sina budi kumsifu, alirekebisha alama za mkato tu.

Nesi Heo, kwa niaba ya vifundo, magoti na matumbo ya miaka thelathini na mmoja, ahsante. Tunakuombea asubuhi za kuamka umechelewa, tiketi nzuri uwanjani, na wageni wasio na mateke. Nenda salama, nenda taratibu. Ulikubali kuteleza kwa niaba yetu. Sisi huku tumenata.