Nyundo Iliyokuja Naye: Maisha ya Bi. Amalorpavam Soosaimanickam (1963–2024)

Tunayemsindikiza leo, Bi. Amalorpavam, alizaliwa Jumapili tarehe 8 Desemba 1963 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, Perambur, hapa Chennai. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Savarimuthu, seremala wa mabehewa, na Bi. Gnanammal. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, ambayo kwa Kitamil ndiyo maana ya jina alilopewa. Mtaani tulimwita Amalu, na baadaye Mama Benita.

Alisoma shule ya masista kuanzia Juni 1969 hadi alipomaliza darasa la kumi mwaka 1980. Hesabu ilimshinda, lakini mkono wake wa kuandika ulikuwa mzuri na nafasi yake darasani ilijulikana: benchi la tatu, pembeni, karibu na dirisha. Akiwa darasa la sita aliugua surua. Aliporudi alimkuta msichana mwingine amekaa pale. Hakugombana naye. Alimkalia mapajani. Sista alipomuuliza kulikoni, alijibu, "Sijamtoa, Sista. Nimekaa mahali pangu tu."

Waliomfahamu watakubali kwamba alibaki hivyo maisha yake yote. Kilicho chake hakukigawa. Hata wifi yake Arulmary, anayewasomea haya, alipohamia kwake mwaka 1991 aliambiwa siku ya kwanza, "Karibu, wifi. Chumba ni chako, jiko tutashirikiana. Ila kahawa ya kaka yako ya asubuhi naipika mimi."

Baada ya shule alishona blauzi nyumbani. Mwaka 1996 alinunua mashine ya kusagia, akawa anasaga mchele na dengu na kuuza rojo la idli, vile vitumbua vya mvuke, kwa majirani. Nyumba nyingi za mtaa wetu zimekula kutoka kwenye ndoo zake za alumini. Hakuwahi kuongeza maji ili rojo lijae, na aliyemshuku alirudishiwa chombo kitupu na kuelekezwa duka la barabarani.

Tarehe 11 Mei 1988 alifunga ndoa na Bw. Soosaimanickam katika Kanisa la Mama Yetu wa Lourdes, Perambur. Mume wake alikuwa fundi wa magongo ya kriketi katika maduka ya michezo ya mtaa wa Periamet. Gongo jipya haliingii uwanjani hivi hivi. Lazima lipakwe mafuta ya kitani, lilale, kisha uso wake ugongwe polepole kwa nyundo ya mbao, siku kadhaa, mpaka ukomae. Bila hivyo mpira wa kwanza wa nguvu unalipasua. Mzee Savarimuthu hakuwa na dhahabu nyingi ya kumpa binti yake. Alichonga nyundo ya mkwaju kwa mikono yake, akamkabidhi mkwe mbele ya wageni na kusema, "Chukua hii pamoja na binti yangu. Vyote viwili usiviache kwenye mvua."

Kwa zaidi ya miaka ishirini nyundo ile iligonga magongo ya watoto wa shule na ya vilabu vya wafanyakazi, jioni, pale barazani. Marehemu aliipenda sauti yake. Alisema inawalaza watoto, Benita na Lourdu, kuliko wimbo wowote.

Mwaka 2010 ilianzishwa timu ya Chui wa Chennai, ile ya jezi za zambarau, katika ligi ya kriketi ile fupi, ya ova ishirini. Wakamchukua Bw. Soosaimanickam awe fundi wao. Mtaa mzima ulipiga fataki. Mtu mmoja tu hakufurahi, naye ndiye tunayemzika leo.

Ligi huchezwa Aprili na Mei. Tangu mwaka ule hadi mwaka jana hakuna tarehe 11 Mei ambayo mume wake alikuwa nyumbani. Alikuwa Jaipur, Mohali, Kolkata, popote walipo Chui. Alipiga simu kila mara, na mazungumzo yao tulikuwa tunayasikia sote, kwa sababu marehemu hakujua kunong'ona kwenye simu.

"Umekula, Baba Benita?"

"Nimekula."

"Na yeye amekula?"

"Yeye nani?"

"Mke mwenzangu."

Ndivyo alivyoiita ile timu, mbele za watu na nyuma yao. Muuza maziwa akimpongeza kwa ushindi, alimjibu, "Kampongeze mke mwenzangu, mimi sijacheza." Padre mmoja aliyekuwa mgeni parokiani aliwahi kumwambia kwa upole kwamba wivu ni dhambi. Akamuuliza, "Padre, hili kanisa lako likihamia Jaipur miezi miwili kila mwaka, wewe utakaa kimya?" Padre alicheka, akampa baraka.

Nje ya msimu wachezaji waliendelea kuleta magongo nyumbani. Bw. Soosaimanickam aliyapaka mafuta kwa kiganja, taratibu, akiyageuza kwenye mwanga, na mke wake akimtazama kutoka mlangoni. Siku moja alimwambia, "Miaka yote hii, hata kidole changu hujakipaka hivyo." Mume akasema, "Wewe hupasuki." Marehemu akaenda ndani kuwasha mashine ya kusagia. Toka hapo, nyundo ikianza na mashine inaanza, mchele uwepo usiwepo.

Mwaka 2013 lilitokea jambo la sari. Tulikuwa tunaangalia mazoezi ya Chui kwenye televisheni, nahodha akafungua begi lake na kutoa gongo lililofungwa kitambaa laini cha kijani cha kasuku, chenye ukingo mwekundu. Marehemu alisimama. "Hiyo si sari yangu?" Ilikuwa yake, ya pamba, aliyoivaa siku Benita alipobatizwa. Mume wake alikuwa amehitaji kitambaa kilichofuliwa mara nyingi hadi kikalainika, akaona ile imelala sandukuni bila kazi. Akaikata. Alipoambiwa kwa simu, alijitetea, "Nilichukua kipande tu, Mama Benita, tena kwa gongo la nahodha!" Kujitetea huko ndiko kulikoharibu kabisa. Kitambaa kilirudishwa kwa basi la usiku, na kikakaa chini ya mto wake hadi wiki hii.

Asidhani mtu kwamba hakuwafuatilia. Alijua mikimbio, yaani alama, ya kila mchezaji kuliko wanaume wa mtaa huu. Chui wakifungwa, alipika mchuzi wa samaki. Wakishinda, tulikula dengu. Majirani walijua matokeo kwa harufu.

Tarehe 23 Januari mwaka huu marehemu alipata kiharusi asubuhi, akiwa anaosha mchele. Upande wa kulia ulikufa na maneno yakawa machache. Alilazwa hospitali hadi katikati ya Februari. Daktari alisema mkono na mguu visuguliwe kwa mafuta ya ufuta ya vuguvugu, asubuhi na jioni, bila kuruka siku. Benita aliomba likizo kazini kwake Coimbatore, Lourdu akataka kurudi kutoka Muscat. Baba yao aliwaambia wabaki. Aliwaarifu Chui kwamba msimu huu hatakuwepo, akatundika nyundo ukutani, akaketi kando ya kitanda. Alimsugua kidole kimoja kimoja, akiugeuza mkono kwenye mwanga wa dirisha. Marehemu alimtazama siku nyingi. Kisha siku moja, kwa shida, akatamka, "Kumbe unajua."

Msimu huu Chui walifika fainali, iliyochezwa hapa hapa Chennai, Jumapili tarehe 12 Mei. Siku moja kabla, saa nne asubuhi, gari jeusi lilisimama mbele ya nyumba yetu. Akashuka nahodha mwenyewe, Girish Wadkar, na magongo mawili mapya. Lake alilolizoea lilikuwa limepasuka kwenye nusu fainali. Mtaa ulijaa hadi juu ya mapaa. Alivua viatu akaingia, akasema kwa Kitamil chake cha kuokoteza, "Baba, usije uwanjani. Nimekuletea hapa hapa. Siku kadhaa sina, ni leo mchana tu. Mkono mwingine siuamini."

Bw. Soosaimanickam alikuwa na mafuta hadi viwikoni. Aliyatazama yale magongo, sote tuliona alivyoyatazama. Akageuza macho kwa mke wake.

Marehemu alimuuliza nahodha, "Leo tarehe?"

"Kumi na moja, mama."

"Mwezi?"

"Mei."

"Basi. Yangu."

"Kwa muda wa saa mbili tu, mama, nakuomba. Mji mzima unasubiri."

"Foleni," alisema marehemu. "Panga foleni."

Kuna aliyecheka dirishani, akanyamazishwa. Bw. Soosaimanickam alifuta mikono, akachukua gongo moja, akaligonga kwa kidole karibu na sikio. "Mbao nzuri sana," alisema. "Lakini haijakomaa. Peleka Periamet, nitakupa jina la fundi." Akamrudishia, akampa mgongo, akaendelea na kidole cha shahada cha mke wake pale alipokuwa ameachia. Nahodha aligusa miguu ya marehemu kwa heshima, akanywa maziwa ya mgando tuliyompa, akaondoka. Siku hiyo mchana wawili wale walikula pamoja wali wa ukwaju na mtindi, mume akimlisha mke kwa mkono. Ilikuwa sikukuu ya ndoa yao.

Chui walifungwa kwa mikimbio minne. Nahodha alitolewa mapema, gongo limemegeka ncha. Mtaa ulilala kama umefiwa. Jirani yetu Bw. Kirubakaran alikuja hadi dirishani na jezi yake ya zambarau akalia, "Mama Benita, umetuua!"

"Nimewaua?" alisema marehemu. "Sijatoka kitandani." Akamgeukia wifi yake, akatabasamu kwa nusu ya mdomo iliyokuwa nzima. "Samaki."

Alikula vijiko viwili vya mchuzi. Hakuwahi kula vizuri hivyo tangu Januari.

Jumatano alishindwa kumeza. Alimwita mume wake, akaonyesha ukutani kwa mkono wa kushoto. "Nyundo," alisema. "Ilikuja nami. Itaondoka nami." Alirudia, asije akasingiziwa kuchanganyikiwa. Nyundo ile ndiyo mkono wa pili wa mume wake kwa miaka thelathini na sita, na bila hiyo yeye si fundi wa mtu. Marehemu alijua hivyo. Ndiyo sababu aliiomba.

Kiharusi cha pili kilimjia Ijumaa tarehe 17 Mei alfajiri. Aliaga dunia saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi hiyo, mkono wake wa kulia ukiwa kwenye viganja vya mume wake.

Chui wametuma shada kubwa la maua ya zambarau. Kadi yake inasema wanamsubiri baba yao msimu ujao. Shada limewekwa langoni, nje, kwa kuwa ndani marehemu asingelikubali. Na jana mmenong'onezana mengi nje ya nyumba, kama atarudi kwao au harudi. Jibu liko hivi: kabla jeneza halijafungwa, Bw. Soosaimanickam aliitoa nyundo ukutani, akaipaka mafuta mara ya mwisho, akaifunga kwa kile kitambaa cha kijani cha kasuku. Imo jenezani, chini ya mkono wa kushoto wa marehemu, ule uliobaki na nguvu.

Marehemu ameacha mume, Bw. Soosaimanickam, watoto wawili, Benita na Lourdu, mkwe mmoja, mjukuu mmoja, Anushya, na wifi mmoja. Ameacha pia mke mwenza mmoja, ambaye leo amesimama langoni, kwenye foleni.

Dada yetu Amalu, pumzika kwa amani mahali pako. Hakuna atakayekukalia.