Sentimita Moja ya Kambare

Fundi Sentimita, seremala wa mtaa, aliweka ndoo chini ya benchi la kahawa, na wenzake wakainama kuchungulia. Kambare, tena mzima! Miezi mitatu tangu apate kibali cha kuvua kwa ndoana alikuwa akirudi mikono mitupu, na leo alikuwa amemwahidi mama mkwe wake samaki wa mchana. Ila kibao kule bwawani kinasema kambare asiyefika sentimita thelathini arudishwe majini. Huyu alipimwa mara tatu kwa futi ya chuma, na mara zote ikawa ishirini na tisa. Fundi hakuja kijiweni kuuliza. Alikuja kutafuta watu wa kumwambia anachotaka kusikia, maana roho ilikuwa ikimsuta.

– Umempima vibaya, alisema Kinyozi. Sharubu umezihesabu?

– Sharubu?

– Mimi nanyoa watu mwaka wa kumi na nane huu. Sharubu ni mali ya mtu. Ukimnyima kambare sharubu zake umemdhulumu.

Fundi akachangamka kidogo. Mwalimu Likizo, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akienda kazini, akatikisa kichwa.

– Acha hizo. Ni baridi ya maji. Kitu kikipata baridi kinanywea. Mwanike juani saa moja tu, atanyooka mwenyewe.

– Si atakufa?

– Atakufa akiwa thelathini!

Wakacheka hadi kahawa ikamwagika.

– Halafu nani kasema ni mtoto? Kinyozi akadakia. Pengine ni mzee wa watu, kaumbwa mfupi. Ana wajukuu huyo! Utamrudisha akakue wapi tena?

Fundi alishaanza kuamini. Akanyoosha mkono achukue kikombe cha tatu, mara mama mkwe huyo, kikapu mkononi.

– Shikamoo, mama.

– Marahaba, mwanangu. Ndiye huyu?

– Ndiye. Amepungua sentimita moja tu, mama. Si kitu.

Mama akamtazama kambare, kisha akamtazama mkwewe, bila hasira.

– Juzi fundi mwenzako aliniletea mlango wa jiko. Ukasema umepungua sentimita moja, ukamrudisha nao kichwani, na jua lile. Kwani sentimita ya samaki ni fupi kuliko ya mlango?

Kinyozi akaanza kuchunguza kikombe chake. Mwalimu akaomba aongezewe kahawa, muuzaji akapindua birika: imekwisha.

Fundi aliona haya, kisha kicheko kikamtoka mwenyewe. Akanyanyua ndoo, na moyo wake ukawa mwepesi kuliko ulivyokuwa asubuhi.

– Namrudisha bwawani sasa hivi. Lakini mama, leo utakula nini?

Mama akafunua kikapu. Sufuria lilikuwa bado la moto.

– Maharage, mwanangu. Niliposikia tu umekwenda kuvua, nikainjika.