Fundi Macho na Mlango wa Chumba cha Rangi

Wasifu huu wa marehemu nimeuandika mwenyewe, mimi dada yake mdogo. Watu wawili wa ofisini kwake waliomba waupitie kabla haujachapwa, eti kuweka sawa mambo ya kazini. Niliwaambia kompyuta imegoma. Haikuwa imegoma.

Kaka yetu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa pili kati ya watano. Mama alikuwa fundi cherehani. Alikuwa akimtuma kaka dukani kununua uzi bila kumpa kipande cha kitambaa, naye alirudi na rangi ileile ya kitambaa. Mimi nilitumwa mara moja, kipande nikiwa nacho mkononi, nikarudi na rangi nyingine. Sikutumwa tena.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, kisha miaka miwili ya sekondari, mpaka baba alipofariki.

Tarehe 2 Juni 1980 aliajiriwa katika kiwanda cha rangi za nyumba, kwanza kubeba makopo, na kuanzia 1986 kuchanganya rangi. Mteja alileta kipande cha plasta kilichobanduka ukutani, kaka akakitazama, akachanganya, na ukuta ukipakwa hukuona kiraka kilipoanzia. Hapo ndipo alipopewa jina la Macho.

Mwaka 2021 alikuja meneja mpya, akafungua Kitengo cha Maarifa. Kila fundi aliagizwa aandike kwenye fomu yote anayoyajua, ili akiondoka kazi isisimame. Wazo zuri, sikatai. Kaka alijaza fomu mia moja na kumi na mbili. Kwenye safu ya vipimo, kila alipofika kwenye rangi nyeusi, aliandika neno moja: "Kiasi." Aliyeziingiza kwenye kompyuta akakosea safu, Kiasi ikawa miongoni mwa malighafi, na mtunza bohari akaagiza kilo hamsini za Kiasi. Wauzaji wakajibu kwamba hawana, na hawajui nani anayo.

Mngedhani watacheka yaishe. Waliitana kikao. Wakaona kama hata wauzaji hawaijui, basi ni dawa ya siri anayotoka nayo nyumbani. Walimpekua kabati, wakakuta kandambili na miwani. Tangu siku hiyo walimwita mchoyo, mtu anayetaka kuzikwa na ujuzi wake. Wiki hii mmoja wao alinifuata mochwari, akaniuliza, "Mama, marehemu hakuacha daftari?" Pole alinipa baadaye.

Kaka alifunga ndoa tarehe 10 Septemba 1988 na wifi yangu, ambaye yuko hapa. Waliishi vizuri, na hapa lazima niseme ukweli, maana wengi wenu mliusikia uongo, na baadhi mliusikia kwangu. Kuanzia Februari 2020 kaka alianza kufunga mlango wa chumba cha rangi, na ndani alikuwa na mama mmoja mwosha makopo, ambaye wenzake humwita Mama Makopo. Novemba 2021 nilikwenda mwenyewe kusikiliza mlangoni. Nilimsikia kaka akisema, "Sogea dirishani. Ongeza. Bado? Sasa je?" Nilirudi na ushahidi wangu, nikampa wifi taarifa kamili na vionjo. Wifi akahamia chumba cha watoto. Kaka hakujitetea, nami nikasema, mnaona?

Alikuwa na kisukari tangu 2012. Tarehe 24 Julai 2023 alilazwa, wodi ya wanaume, kitanda cha tisa. Jumapili, tarehe 30, Mama Makopo akatokea. Nilimzuia mlangoni.

"Wewe unafuata nini hapa?"

"Nimekuja kumuuliza fundi kuhusu rangi ya maziwa. Inatoka na unjano."

Kaka akasikia. "Mwache aingie, mdogo wangu. Mimi rangi sizioni. Mwaka wa nne huu. Huyu ndiye anayechanganya, mimi namwelekeza tu."

Sikuamini. Nilimwekea kitambaa changu cha kichwa mbele ya uso nikamuuliza ni rangi gani. Akasema kijivu. Kilikuwa chekundu.

Alieleza kwamba ofisi ingejua, angetolewa kabla hajamaliza kumfundisha, na Mama Makopo angerudishwa kwenye makopo. Wifi alikuwa upande wa pili wa kitanda, kijiko cha uji mkononi.

"Muda wote huo, baba watoto," alisema. "Si ungeniambia tu?"

"Ningekuambia wewe, ungemwambia huyu," alisema kaka, akanionyesha kwa kidevu.

Nami ningewaambia wote. Alinijua.

Alifariki Jumatano, tarehe 9 Agosti 2023, saa nne asubuhi. Siku zake kumi za mwisho wifi alilala kwenye kiti kando yake, hakukubali kupokewa zamu.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne na ndugu wanne. Mabwana wa kiwandani, asanteni kwa mabasi na kwa shada, ingawa najua mmekuja kutafuta nini. Daftari halipo. Kiasi haipo. Rangi mlizouza miaka hii mitatu na nusu zimechanganywa na mama huyu aliyekaa kati yangu na wifi. Wifi ndiye aliyemwita akae hapa, nami nilimpisha. Mkimhitaji, njooni na barua yenye jina lake na cheo cha fundi. Nitaisoma kwanza mimi, neno kwa neno.

Kaka, nilikushuku, nikakuvunjia nyumba kwa mdomo wangu, na ulikuwa huna kosa. Naomba radhi kwako, na kwa wifi, mbele ya watu hawa wote. Mungu akulaze pema, akurudishie rangi zako zote.